Filamu Fupi Si Semina

Kijana wa Mtwara anayetaka kutengeneza filamu fupi ya kubuni huwa na vitu vitatu mkononi kabla hajaanza kutafuta hela: hadithi, rafiki mwenye kamera, na andiko la kuomba ufadhili. Hadithi mara nyingi ni nzuri. Kamera inatosha. Andiko ndilo linalomwangusha, na linamwangusha kwa namna ile ile karibu kila mara, kwa sababu ukurasa wa kwanza unaanza na maneno "lengo la filamu hii ni kuelimisha jamii".

Nimepewa kusoma maandiko ya aina hii na vijana wa Ligula, wa Mikindani, wa Lindi mjini, hata mwalimu mmoja wa Masasi, na sioni sentensi iliyoua filamu nyingi Kusini kuliko hiyo. Kuelimisha si dhambi. Tatizo ni kwamba anayesoma maombi akifika hapo anajua tayari kuwa mwandishi ana jibu mfukoni, na sinema inaletwa kulisindikiza tu.

Tabia hii hatukuizua wenyewe. Kwa miaka mingi hela ya kurekodi kitu chenye waigizaji katika mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, imetoka zaidi kwenye miradi: malaria, ndoa za utotoni, lishe, UKIMWI, uhifadhi wa bahari. Shirika linakuja na fungu la uhamasishaji, linatafuta kikundi cha maigizo, linakikabidhi ujumbe, na kikundi kinaugeuza ujumbe kuwa watu. Baba mlevi. Mama mvumilivu. Binti aliyekatishwa masomo. Mwenyekiti wa kijiji anayejitokeza dakika za mwisho na kuhutubia. Kazi hizo zililipa kodi za nyumba za watu, zikafundisha vijana kushika kamera na kupanga taa, na mimi si wa kuzidharau. Lakini zilifundisha na namna ya kuomba: tatizo, walengwa, shughuli, matokeo yanayotarajiwa, viashiria vya mafanikio. Aliyeizoea lugha hiyo huipeleka kila mahali anaposikia kuna ufadhili.

Mfuko wa sinema hauulizi hayo. Jopo linaloamua huko ni la waongozaji, watayarishaji na watu wanaochagua filamu za matamasha, na wanachotaka kujua ni kidogo na kigumu. Nani anataka nini? Nini kinamzuia? Tutaona nini na kusikia nini? Kwa nini wewe, na si mwingine, ndiye wa kuisimulia? Ukiwaambia filamu itawafikia walengwa elfu tano wa kata tatu, hujawajibu hata swali moja.

Chukua hadithi ambayo nyumba nyingi za Newala au Tandahimba zingeweza kuisimulia. Mkulima anapeleka korosho AMCOS, yaani chama chao cha ushirika cha mazao, zinapimwa, anaandikiwa. Zinasafirishwa hadi ghala kuu, zinapimwa tena, na uzito unakuja pungufu. Hapo ndipo maelezo yanapoanza: mara korosho zimenyauka, mara mizani haikuwa sawa, mara ni mkono wa mtu. Andiko la kwanza litasema: "Filamu hii itaonyesha umuhimu wa uwazi katika vyama vya ushirika na kuhamasisha wakulima kudai haki zao." Sawa. Nani ataigiza uwazi? Andiko la pili linasema: "Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka mzigo ghala kuu, mama mjane anaazima mizani ya muuza samaki na kulipima upya gunia ambalo mwanawe, karani wa AMCOS, alilipima mchana."

Jambo ni lile lile. Ushirika umo, uwazi umo, wizi pengine umo na pengine haumo. Ila sasa kuna mama na kuna mwana, na msomaji anataka kujua mshale wa mizani utasimama wapi. Na kuna faida nyingine ambayo waombaji hawaitazami: sentensi hiyo ya pili imeshapanga nusu ya bajeti. Watu wawili, nyumba moja, usiku mmoja. Ya kwanza ingehitaji mkutano mkuu wa chama, umati wa wanachama, mgeni rasmi na chakula cha wote.

Anayedhani haya ni maoni ya wapenda sanaa tu aangalie shindano la filamu fupi ambalo Netflix na UNESCO walilitangaza mwaka 2021 kwa nchi za Afrika Kusini mwa Sahara. Maombi yalizidi 2,000. Walioshinda ni sita, mmoja wao Mtanzania, na filamu zao zikatoka Machi 2023. Kila mshindi alipata dola 25,000, na juu yake bajeti ya kutengeneza filamu ya hadi dola 75,000, hela ambayo filamu fupi ya Afrika Mashariki huwa haiioni. Masharti yalikuwa kuichukua hadithi ya kale na kuisimulia upya. Mtanzania huyo alikuja na mwanamke asiye na mtoto anayeumba mtoto kwa udongo, na ukame unaoifikia jamii yao. Hadithi hiyo ingeweza kuandikwa kwa urahisi kabisa kama filamu ya kuhamasisha kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Ukame umo. Lakini unaingia kwa mlango wa mama na mwanawe wa udongo, na hapo hakuna anayehitaji kuhubiriwa mvua ni nini.

Mtego wa pili huwanasa wale waliokwisha kuuruka wa kwanza. Mtu anaambiwa wazungu wanapenda utamaduni, basi anawapakulia unyago, jando, sindimba, mapiko (ngoma ya vinyago ya Wamakonde) na mganga mmoja juu yake, vyote katika dakika kumi na mbili. Jopo limeshayaona maombi ya namna hiyo kutoka kila pembe ya bara. Zaidi ya hapo kuna suala la adabu. Unyago una mambo ambayo wenyewe hawayatoi nje, na mapiko yana siri yake mbele ya asiyepita jandoni. Anayeahidi kuyaanika mbele ya kamera aeleze amekubaliana na nani, somo yupi anayewafunda wari, mzee yupi, na wamekubaliana nini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi, kwa hiyo si suala la haya peke yake. Mimi ningemshauri mwenye hadithi ya unyago aiache ngoma nyuma ya ukuta na kamera ibaki na dada mdogo aliyezuiwa kuingia. Ni rahisi kurekodi, na mtazamaji ataisikiliza ngoma hiyo kwa makini kuliko angeiona.

Sasa hela zenyewe. Anayetafuta mtandaoni hukutana mapema na Mfuko wa Hubert Bals wa tamasha la Rotterdam, ulioanza 1988, na World Cinema Fund wa Berlin, ulioanza 2004. Ni mifuko yenye heshima na imesaidia waongozaji wengi wa Afrika. Yote miwili ni ya filamu ndefu. Kijana anakesha wiki mbili akijaza fomu, na filamu yake ya dakika kumi na tano ilikuwa nje tangu mstari wa kwanza wa masharti, ambao hakuusoma kwa sababu alikimbilia kiasi cha fedha. Karibu zaidi na sisi, Docubox ya Nairobi, iliyoanza kwa kusaidia filamu za hali halisi, imewahi kufungua dirisha la filamu fupi za kubuni. Vituo vya utamaduni vya Wajerumani na Wafaransa vilivyoko Dar es Salaam hutoa misaada midogo au kuendesha warsha. Kwa filamu fupi ya kwanza, warsha yenye vifaa na mhariri ni bora kuliko ndoto ya Rotterdam.

Nyumbani tuna mikopo, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kila siku kwamba "fursa zipo, vijana hawachangamki". Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hukopesha wasanii kwa kushirikiana na benki. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ukarejea 2024. Vyote ni vizuri. Lakini mkopo hurudishwa, na filamu fupi hairudishi. Haijawahi kuwa na soko hapa. Enzi za DVD, soko lilitaka urefu mpaka filamu moja ikakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili. Dakika kumi na tano zingeuzwa wapi? Leo zinapanda YouTube, zinapendwa, zinasambazwa, na kinachorudi hakilipi hata mafuta ya jenereta. Anayempeleka kijana akope kwa ajili ya filamu fupi anamtengenezea deni, na kwa mkopo wa kikundi anawatengenezea wenzake nao.

Mkopo una kazi yake, ila si hiyo. Kikundi kikikopa kununua kamera, lenzi mbili na maiki nzuri, vifaa hivyo vinafanya kazi za harusi, mahafali na kampeni, na msimu wa korosho ukilipa vizuri harusi Kusini hazikosekani. Deni linalipwa na harusi. Filamu inapata vifaa bure. Na kwenye maombi ya ruzuku, kukodi kamera kunahamia upande wa mchango wa mwombaji, jambo ambalo majopo hulipenda kwa sababu linaonyesha kuwa mradi una miguu hata kabla hela yao haijafika. Kampuni za gesi na kiwanda cha saruji sizizungumzii sana. Hela yao ya jamii hufuata madarasa, zahanati na visima, na sioni kosa hapo.

Bajeti ni mahali ambapo jopo linajua kama mwombaji amewahi kurekodi chochote. Bajeti za Kusini nyingi zina alama moja: posho zimenona, sauti imekonda. Urithi wa semina huo. Mwongozaji ana posho, msaidizi ana posho, mratibu ana posho, kuna hata posho ya mgeni rasmi wa uzinduzi, halafu chini kabisa kuna mstari unaosema "vifaa". Nani atashika maiki? Nani atasafisha sauti baadaye? Rekodi mchana Chikongola au karibu na soko kuu la Mtwara uone: bodaboda, spika za duka la simu, adhana, na ukienda Shangani kukimbia makelele unakutana na upepo wa bahari. Picha yenye ukungu kidogo mtazamaji ataivumilia na pengine ataisifia. Mazungumzo yasiyosikika hayavumiliwi na mtu. Ningekata siku nzima ya kurekodi ili nimlipe mtu wa sauti anayejua kazi yake.

Kuna gharama nyingine ambazo mwombaji wa Dar es Salaam hana na wa Lindi lazima aziandike waziwazi. Taa nzuri zikikodiwa Dar zinakuja kwa basi au kwa gari la kukodi zaidi ya kilomita 450 hadi Lindi, na Mtwara ni mbele ya hapo. Siku za njiani nazo mwenye vifaa anaweza kuzilipisha. Mafuta ya jenereta. Chakula cha watu ambao hawawezi kurudi kwao jioni. Tafsiri ya maandishi ya chini ya picha, kwa kuwa filamu ya Kiswahili au Kimakonde haisafiri bila hayo. Na fungu la dharura, ambalo kwa kawaida ni asilimia 10 ya gharama na ambalo waombaji hulifuta ili jumla ionekane ndogo. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Kusini upande wa Somanga, wilayani Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili. Mwandishi wa bajeti anayeutaja mwaka huo kwenye maelezo ya fungu la dharura hatabishiwa na mtu.

Bajeti ndogo mno nayo inaua. Wapo wanaodhani wakiomba kidogo watahurumiwa. Jopo likiona filamu ya siku nne, waigizaji sita na mashua inayoungua ikitengenezwa kwa milioni mbili, linahitimisha kwamba mwombaji hajui anachoomba, au kuna watu hawatalipwa. Mashua inayoungua, kwa vyovyote, itolewe. Kwenye muswada, ukurasa mmoja ni kama dakika moja. Kwa kanuni za tuzo za Oscar filamu fupi inaweza kufika dakika 40, lakini mwenye kupanga ratiba ya tamasha anapata nafasi kwa urahisi zaidi kwa filamu ya dakika kumi kuliko ya thelathini na tano, na kila ukurasa unaoukata ni saa kadhaa za watu na mafuta.

Kibali cha Bodi ya Filamu kiwekwe kwenye ratiba mapema. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976 na hakuna mfadhili atakayekubali kusikia uliisahau. Hali kadhalika usajili wa kampuni au jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili huo, maana baadhi ya mifuko hailipi kwenye akaunti ya mtu binafsi.

Kazi za nyuma unazoambatanisha na maombi zinahitaji neno moja kali. Usipeleke kolagi ya harusi na video za muziki zilizounganishwa kwa wimbo wa kasi. Hiyo inaonyesha kwamba unajua kukata picha kwa mdundo, na wanaotafuta mwongozaji wa hadithi hawapati humo cha kupima. Dakika tatu za tukio moja, watu wawili wakizungumza ndani ya chumba, hata kama umerekodi kwa simu, zinatosha kuonyesha kama unajua kumweka mwigizaji, kunyamaza kwa wakati, na kukata pale panapotakiwa. Nimeona kijana wa Mikindani akirekodi kaka na dada wakigombania chaja ya simu, taa ikiwa moja ya kibatari cha umeme, na ile dakika na nusu ilikuwa na sinema zaidi ya maonyesho yote ya kazi zake za kulipwa.

Maelezo ya mwongozaji nayo si wasifu. Ulisoma wapi na ulipewa cheti gani viko kwenye ukurasa mwingine. Hapa jopo linataka kusikia jinsi utakavyoitazama hadithi yako. Kwamba katika ile ya mama na karani, kwa mfano, kamera haitauona uso wa mwana mpaka mizani itulie. Kwamba mwanga utakuwa wa tochi ya simu aliyoishika mama mwenyewe, ndiyo maana taa za kukodi zimepungua kwenye bajeti. Ukiandika hivyo, muswada, maelezo na hesabu vinaanza kushuhudiana. Maombi mengi hayana hilo, kila ukurasa umeandikwa na mtu wake: muswada wa rafiki, bajeti ya mhasibu wa kikundi, maelezo yaliyonakiliwa kutoka andiko la lishe la mwaka juzi. Na kwa kuwa fomu nyingi zinajazwa kwa Kiingereza, mtafsiri anazidi kuyatenganisha. Mwongozaji akae naye bega kwa bega, asimtumie tu faili na kusubiri.

Kinachobaki ni kalenda, ambayo Kusini ina ukaidi wake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Korosho huvunwa kuanzia Septemba, na minada huanza Oktoba. Mifuko haijui hayo. Kati ya siku ya mwisho ya kupokea maombi na jibu, miezi minne au sita si ajabu, halafu unakuja mkataba, halafu awamu ya kwanza ya fedha. Awamu ya mwisho hushikiliwa mpaka filamu ikabidhiwe, kwa hiyo lazima awepo mtu kwenye kundi, mara nyingi mhariri, ambaye amekubali kwa maandishi kusubiri malipo yake. Mwenye hadithi ya mama na mizani akituma maombi Machi asiahidi kurekodi Oktoba ya mwaka huo huo. Hela inaweza kumkuta Desemba, maghala yakiwa yanaelekea kuwa matupu na mvua imeanza. Aandike Oktoba inayofuata. Na kama mfuko unadai fedha ziwe zimetumika kabla ya hapo, abadili zao la kwenye hadithi: ufuta wa Lindi huvunwa kati ya Mei na Julai, unapimwa AMCOS kama korosho, na mnadani unauzwa kwa stakabadhi za ghalani vilevile.